Kitambaa Juu ya Mashine ya Baba

Watu wa Ngamiani, kwetu Tanga, wakiniuliza nafanya kazi gani, huwa nawaambia napoza mashine. Wengi wanadhani natengeneza friji. Jirani mmoja alinifuata na feni yake mbovu, akaiweka mlangoni kwa baba siku niliyokuja kusalimia. Nilipomwambia siwezi kuitengeneza akaondoka akiguna, kusoma kote kule Ulaya na feni imemshinda. Sikumlaumu. Kazi yangu haishikiki mkononi. Kabla kampuni haijatengeneza kifaa cha umeme, iwe redio ya meli au mashine ya hospitali, wananiletea michoro yake, nami nakijenga kifaa kile ndani ya kompyuta, nakiwasha humo humo, kisha natazama joto linakwenda wapi na hewa inapita wapi. Kikiungua, kinaungua kwenye kioo. Nasogeza tundu, nabadilisha feni, nawasha tena.

Nilianza kazi hii wakati hesabu moja ilichukua siku tatu na kompyuta yenyewe ilikuwa na chumba chake. Katika fani hii tulikuwa wachache, tungeweza kukaa wote kwenye jamvi moja na nafasi ikabaki. Siku hizi vijana wananiita wa mwanzo. Wananiandikia kutoka nchi ambazo sijawahi kufika, wakitaka kujua nilianzaje. Nawajibu kwa ufupi, maana ukianza kueleza kibanda cha baba kwa mtu ambaye hajawahi kukiona, utaandika mpaka uchoke.

Baba alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilikuwa barabara ya kumi na mbili, cha mabati, jua la mchana linakipiga usoni. Akifungua redio aligusa transista moja moja kwa kidole cha shahada, anahesabu kimya kimya. Akifika tano kidole kikiwa bado pale pale, transista haina neno. Kikimwunguza kabla ya tano, alimtazama mwenye redio, wala hakuitazama redio.

"Mnaiweka wapi nyumbani?"

"Juu ya kabati, fundi."

"Mnaifunika?"

Hapo mtu alikuwa anakiri, kwa sababu nani hafuniki? Kwetu pwani kila kitu cha umeme kina kitambaa chake cha kufuma. Redio inafunikwa, televisheni inafunikwa, friji lina chake juu na kingine kwenye mshikio. Watu watakwambia ni kwa ajili ya vumbi na chumvi ya bahari, na ni kweli, lakini kuna zaidi ya hapo. Kitu cha thamani kikikaa sebuleni uchi, mgeni anaona nyumba haina mwanamke. Mama alikuwa mfumaji kuliko wote barabara ile. Vitambaa vyake vilikuwa vyeupe, vya maua manene, na pembe zake alizipiga wanga mpaka zikasimama.

Baba alimwambia mara moja, mimi nikiwa mdogo, nimekaa kizingitini namenya chungwa. Alisema, "Redio inapumua, we mwanamke." Mama hakuinua macho kwenye sindano yake. "Hata mimi napumua," akasema, "na nimevaa buibui." Baba alicheka mpaka akashika mbavu, na tangu siku ile sikumsikia tena akilisema jambo hilo. Redio ya nyumbani kwetu iliungua mara tatu. Mara zote aliifungua, akabadilisha kilichoungua, akairudisha kabatini, na mama akaifunika.

Sina haja ya kueleza sana jinsi nilivyotoka. Nilisoma, nikaenda Dar, nikapata nafasi ya kwenda nchi ya baridi. Kampuni iliyonichukua ilinipa kazi kwa sababu siku ya usaili walikuwa na kifaa kimewashwa mezani. Nikakigusa kwa kidole, nikahesabu, nikawaambia hiki hakitafika mwaka. Walitazamana. Nadhani waliona mwanamke mwenye mtandio akihesabu kwa lugha wasiyoijua na wakaona bora wamchukue kuliko kumwuliza. Nilikaa nao miaka mingi. Tuliyokuwa tunafanya kwa kubahatisha, tukajifunza kufanya kwa hesabu, na baadhi ya hesabu hizo niliziandika mimi. Sitajifanya sijivuni. Nilijivuna, tena sana.

Miongoni mwa vifaa vilivyopita mikononi mwangu kulikuwa na mashine ya oksijeni ya nyumbani. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inampa mgonjwa oksijeni kwa mrija wa puani. Haina haja ya mtungi, inataka umeme tu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha haichemki ndani. Niliweka matundu ya kutolea joto juu, mgongoni, kwa sababu hewa ya moto inapanda yenyewe hata feni ikichoka. Halafu nikapandisha joto la chumba kwenye kompyuta mpaka likawa la Tanga mwezi wa pili, mchana, madirisha yamefungwa. Wenzangu wakasema hakuna mgonjwa anayelazwa kwenye chumba cha namna hiyo. Nikawaambia nimezaliwa humo. Nikaweka umeme hafifu wa kwetu, nikaweka vumbi la kwetu. Mashine ikapita. Kitambaa sikuchora. Wenzangu wana udhuru, hawajawahi kuona redio iliyovalishwa. Mimi nililelewa na mwanamke anayefuma, na haikunijia akilini.

Baba alipoanza kubanwa na kifua, daktari alisema ni moshi wa solda ya kuungia nyaya, alioupumua tangu ujanani kwenye kibanda kisicho na dirisha. Nilirudi. Nilipanga nyumba Usagara, mjini humo humo, nikaendelea na kazi yangu kwa mtandao, na nikamnunulia baba mashine ile ile, kwa sababu niliijua mpaka msumari wake wa mwisho. Nilimwekea sebuleni pembeni ya kitanda, nikapima kiganja kimoja kutoka ukutani. Baba aliigusa ubavuni, akaizunguka kwa macho, akatikisa kichwa kama fundi anayekubali kazi ya fundi mwenzake. Wiki ile ile mama aliifumia kitambaa.

Nilikiona. Hapa ndipo ninapotaka nieleweke vizuri, kwa sababu sitaki mtu anitetee. Nilikuwa nafika kila siku baada ya alasiri, nakaa kwenye kiti kile kile, mashine iko mkono wangu wa kulia, na kitambaa kiko juu yake, kimeshuka mpaka mgongoni. Nilikuwa naweka kikombe changu cha chai juu yake. Macho yangu yalikiona jinsi yanavyoona ukuta. Nikitoka pale narudi Usagara, nafungua kompyuta, naanza kumfundisha mtu wa Ulaya mahali pa kutoboa tundu.

Siku moja baba aliniambia, "Inapata joto hii." Maneno yake wakati ule yalikuwa machache, kila neno linamgharimu pumzi. Nikaigusa ubavuni bila hata kugeuka. "Iko ndani ya hesabu, baba," nikamwambia. Alinitazama kidogo, kisha akaniuliza habari za kazini.

Alifariki Ijumaa, wakati wa kaskazi, adhana ya adhuhuri haijatoka. Mama alikuwa uani anakuna nazi. Alisikia mlio wa mashine, akajua umeme umekatika, kwa kuwa umeme ukikatika mlio ni huo huo, na kwa kawaida ulikuwa unarudi kabla hajafika mlangoni. Akamalizia kifuu alichokuwa nacho. Alipoingia, taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Alinipigia simu, nikapanda bodaboda, nikafika baba ameshakwenda. Watu wakasema ahadi imefika. Tulizika siku ile ile.

Sikulia. Nalisema kwa sababu kwetu wanawake wanahesabiana machozi, na nilijua wananihesabu. Nilikuwa kama mguu uliolaliwa, unaubonyeza na huusikii. Nilichemsha chai, nikagawa tende, nikapokea mikono. Mtu akiniambia pole naitikia, na dakika ile ile nimeshamsahau aliyesema. Hata kazi sikuikosa. Siku ya nne nilikuwa kwenye simu ya mkutano naeleza njia ya hewa kwenye kisanduku cha mtambo wa sola, na sauti yangu ilikuwa safi kabisa.

Mama aliingia eda. Akawa ndani, amevaa nguo nyeupe, hatoki, miezi minne na siku kumi. Baada ya hitima ya arobaini nilikaa sakafuni nikaifungua mashine. Sikuwa natafuta kitu, nilitaka kuisafisha tu. Kwenye chujio kulikuwa na nyuzi nyeupe. Mashine ile ina kumbukumbu ndani yake, inaandika kila kinachoipata, nami nilijua pa kuisoma. Ijumaa ile, saa ile, iliandika kuwa umeme upo. Ilijizima yenyewe kwa sababu ya joto. Ndivyo tulivyoitengeneza, ikichemka ijizime isije ikawaka moto ndani ya nyumba ya mtu. Mlio niliusikiliza mimi mwenyewe kule Ulaya, nikaukubali, mlio ule ule mmoja kwa shida zote.

Niligeuza macho nikakiona kitambaa kwenye kiti. Ndiyo mara ya kwanza kukiona kweli.

Nilifanya ninachojua kufanya. Nilichukua rula nikapima matundu ya ufumaji, unene wa uzi, jinsi kinavyoshuka mgongoni. Mama alinikuta nikipima, akafurahi, kwa sababu maisha yangu yote sikuwahi kupenda mambo ya sindano.

"Unataka nikufumie na wewe?"

"Hapana, mama. Natazama tu."

"Hicho kimechakaa," akasema. "Nitafuma kipya. Nikitoka eda mashine naitoa sadaka, iende Pangani."

Pangani anakaa mdogo wake, mama yangu mdogo, na mumewe alikuwa ameanza kubanwa na kifua kama baba. Mama alikuwa ameshawaza yote. Kwenye eda mtu ana nafasi ya kuwaza.

Nikarudi Usagara, nikakichora kitambaa kwenye kompyuta, nikakiweka juu ya mashine, nikawasha. Ilijizima. Nikapunguza joto la chumba, ikachelewa, ikajizima. Nikakisogeza kitambaa upande mmoja. Nimeirudia hesabu ile mara nyingi kuliko hesabu yoyote niliyolipwa kuifanya, na kila mara nilikuwa natazama rangi nyekundu ikipanda na sihisi chochote. Nilichojua ni kimoja. Mama akijua, atakufa akiwa hai. Na asipojua, atampelekea shemeji yake kitu kile kile.

Basi kila alasiri nilikaa kwenye kiti kile na kumtazama akifuma. Kilianza kidogo kama sahani. Baada ya wiki mbili kilikuwa kama sinia. Alichagua uzi mnene zaidi, eti kule Pangani nyumba imekaa karibu na bahari na chumvi ni kali. Alinieleza kila ua. Mimi nikawa nasema mashallah. Nikimwangalia vidole vyake nasema leo namwambia, halafu ananiuliza kama nimekula, na siku imekwisha. Nilimchukia kidogo, Mungu anisamehe, kwa jinsi alivyokuwa anakifurahia. Halafu hata hilo likaisha nikabaki sina kitu.

Nilijaribu njia za pembeni. Nilimpigia mama mdogo, nikamwambia mashine ikifika isifunikwe. "Usihofu, mwanangu," akasema, "mama yako kashaniambia anafuma, itafunikwa vizuri." Nikarudia, isifunikwe. Akacheka, akasema nyie wasomi mnataka vitu vikae uchi. Nikamwambia ni jambo zito. Akaniambia basi atamwuliza dada yake. Hapo nikakata maneno haraka, nikasema tutaongea. Nilifikiri kusema mashine imeharibika. Lakini mtu wa Pangani alikuwa anakosa pumzi kweli, na mashine ilikuwa nzima. Nilifikiri kununua nyingine, lakini hata hiyo mama angeifumia. Miezi ilikwenda hivyo. Nimepewa heshima katika kazi yangu kwa kuona tatizo kabla halijatokea, na hili nililiona likija kwa sindano, ua kwa ua.

Siku eda ilipoisha mama aliogeshwa, akavaa kanga mpya, akatoka mpaka barazani akakaa kwenye mwanga akipepesa macho. Mama mdogo alikuja na gari la kukodi asubuhi ile ile. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanishika mashavu akasema nimekonda. Tukanywa chai kwa mkate wa kumimina. Kisha mashine ikatolewa mpaka katikati ya sebule, imefutwa inang'aa, na mama akaingia chumbani akarudi na kitambaa kimepigwa pasi, amekibeba kwa mikono miwili. Kilikuwa kizuri. Sijaona kizuri kama kile mpaka leo.

"Mama," nikasema, "usikiweke."

"Njiani kuna vumbi."

"Njiani sawa. Wakifika wakitoe. Mashine hii haifunikwi."

Alisimama nacho. "Haifunikwi tangu lini?"

"Tangu ilipotengenezwa."

Mama mdogo alitazama huku na huku, akaweka kikombe chini. Mama akakaa kwenye kitanda alichokuwa akilalia baba, kitambaa kiko mapajani.

"Ikifunikwa inakuwaje?"

"Inapata joto. Likizidi, inajizima yenyewe hata kama umeme upo."

Niliona anarudi kwa mawazo kule uani, kwenye kifuu cha nazi, na anaingia ndani, na taa inawaka. Nikaanza kusema haraka haraka. Nilisema kosa ni langu, mimi ndiye niliyeipigia hesabu, mimi ndiye niliyekaa pembeni yake kila siku nikaweka kikombe juu, yeye hakujua na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nilisema yote niliyoyapanga tangu arobaini. Hakuwa ananisikiliza.

"Baba yako alikuwa akikitoa," akasema.

Nikageuka nikamtazama.

"Nikitoka sokoni nakikuta kwenye kiti, kimekunjwa vizuri. Namwambia, unanitia aibu, wageni wakija wataona nini. Nakirudisha. Kesho yake nakikuta kwenye kiti tena. Nikajua ni utani wake." Alikuwa anapitisha kidole kwenye ua moja, analizunguka. "Ijumaa ile nikamwambia, nikikikuta tena kwenye kiti sifumi tena humu ndani mpaka nife. Akacheka kwa ile pumzi yake. Akanyoosha mkono akakirudisha mwenyewe. Akakiweka sawa na pembe zake, ndipo nikaenda kukuna nazi."

Nje dereva alipiga honi kidogo. Mama mdogo akamwashiria asubiri.

"Alikuwa anajua?" mama akaniuliza.

Ningeweza kusema hapana. Fundi aliyegusa transista kwa kidole muda wote ule, nani angeniamini, lakini mama angeniamini.

"Alikuwa anajua, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. Akatafuta mwisho wa uzi kwenye pembe, akaupata, akauvuta, na safu ya kwanza ya maua ikaachia.

"Angeniambia tu," akasema, na alikuwa ananitazama mimi. "Ningekifumua siku ile ile."